Nani Amsemee Mwombaji: Masomo ya Biashara Nairobi na Desturi ya Kujieleza

Anayeomba nafasi katika shule ya biashara siku hizi ana kazi mbili. Kwanza athibitishe kwamba masomo anayaweza. Kisha aonyeshe kwamba hafanani na mamia ya wenzake wanaoyaweza vilevile. Ya kwanza hufanywa na vyeti na mitihani. Ya pili huachiwa insha, wasifu, mahojiano na barua za watu wanaomfahamu. Jijini Nairobi kazi hiyo ya pili ni changa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, sifa za kijana aliyetaka kusomea uhasibu au usimamizi zilisemwa na mwingine: mwajiri, mwalimu mkuu, padri, au karatasi ya mtihani. Kijana kukaa chini akajiandika mwenyewe, akachagua lipi la maisha yake liingie na lipi libaki nje, ni desturi iliyoingia mjini pole pole, kupitia vyuo vya katikati ya jiji na vya mitaa ya magharibi, kuanzia Lavington hadi Kabete.

Katika Nairobi ya ukoloni, karatasi ya kwanza iliyomweleza Mwafrika mbele ya mwajiri ilikuwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alikibeba kipande ndani ya kikasha cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuandikwa na mwenyewe. Kipande kilifutwa 1947, ila mazoea kiliyoyajenga yalibaki. Mpishi, karani na mwanafunzi waliendelea kuhitaji barua ya mkubwa fulani ya kuwashuhudia kuwa ni watu wa kutegemewa.

Kwa waliosoma, mkubwa huyo alikuwa mwalimu mkuu. Alliance High School, iliyofunguliwa 1926 huko Kikuyu, magharibi mwa mji, iliongozwa na Carey Francis tangu 1940 hadi 1962, na neno la mkuu kama huyo lilikuwa na uzito kuliko chochote ambacho mwanafunzi angeweza kujisemea. Aliyetaka kuendelea na masomo hakuulizwa anajionaje. Mkuu wake ndiye aliyeulizwa.

Mpango huo haukugongana sana na malezi ya nyumbani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto aliyejisifu mbele ya wazee alirudishwa mahali pake upesi. Hata hivyo majigambo yalikuwapo, tena yalikuwa sanaa. Miongoni mwa Waluo kuna pakruok: mtu hukatiza muziki wa nyatiti, hutoa pesa, kisha hujitapa kwa mafumbo na majina ya sifa, yake na ya ukoo wake, huku waliokaa wakishangilia. Desturi hiyo ilihamia Nairobi pamoja na wanamuziki na wasikilizaji wao. Lakini pakruok ina mahali pake, na hadhira yake inamjua msemaji. Akizidisha, wapo wa kumcheka. Insha ya maombi humtaka mtu ajitape kwa maandishi, mbele ya mgeni, bila ngoma na bila wa kumcheka. Haishangazi kwamba wengi walioikuta kwa mara ya kwanza waliandika barua ya kuomba kazi badala yake: mwaka wa kuzaliwa, shule, alama, na shukrani nyingi za mapema.

Masomo ya juu ya biashara yalipata makao katikati ya Nairobi mwaka 1956, katika chuo kilichoitwa Royal Technical College of East Africa, jirani na Hoteli ya Norfolk. Chuo hicho kilipewa hati ya kifalme 1951. Wakati huohuo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi. Mwaka 1954 miradi hiyo miwili ikaunganishwa, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Aprili 1956. Kilichukua vijana wa rangi zote kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, jambo lisilokuwa la kawaida katika mji ambao hata maktaba yake kubwa, ile ya McMillan, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya Wazungu.

Biashara haikuanza kwa heshima kubwa chuoni hapo. Mwaka 1961 chuo kilipobadilishwa kuwa Royal College Nairobi, vitivo vya sanaa, sayansi na uhandisi vilianza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilichokuja baadaye kuitwa cha Biashara kiliendelea kuwaandaa wa kwake kwa mitihani ya vyama vya kitaaluma. Kwa mwombaji hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyoonekana. Vyama vya wahasibu na vya makatibu wa kampuni vya Uingereza havikujali mtahiniwa ni mwana wa nani wala ana ndoto gani. Vilijali amefaulu karatasi zipi. Kwa kijana wa Kiafrika au wa Kihindi aliyekuwa akibaguliwa ofisini, mtihani usiomjua ulikuwa kinga. Imani hiyo katika mtihani ilikita mizizi Nairobi, na haijang'oka.

Njia ya pili, ya kujieleza, ililetwa na safari za Marekani. Tom Mboya, aliyezifungua, alikuwa mwenyewe ushahidi kwamba mtu anaweza kupimwa kwa alichokifanya. Alisomea ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, mwishoni mwa miaka ya 1940, akachaguliwa kuongoza wanafunzi wenzake, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford, pasipo kuwa na shahada. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba vyuo vitoe nafasi kwa vijana wa Kenya. Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari zilizofuata, na kufikia 1963 mamia ya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa njia hiyo.

Kupanda ndege kulihitaji barua ya kukubaliwa chuoni, na wengi walilazimika kuitafuta wenyewe. Walimwendea Dkt. Julius Gikonyo Kiano, aliyesoma Stanford na Berkeley na kurudi 1956 kufundisha Royal Technical College. Walikopa vitabu vya anwani za vyuo. Waliandika na kungoja. Wakuu wa elimu wa kikoloni waliviona vyuo vya Marekani kuwa hafifu, kwa hiyo msaada wao haukutegemewa. Vyuo vyenyewe, vingi vikiwa vidogo na mbali na miji mikubwa, havikujua vizuri cheti cha sekondari cha Cambridge kina uzito gani. Fomu zao zilitaka mambo ambayo fomu ya Kiingereza haikuyagusa: mwombaji ametoka familia gani, amewahi kuongoza nini, anapenda nini nje ya darasa, na kwa nini anataka kusoma. Hapo ndipo vijana wengi wa Nairobi walipoulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza.

Barack Obama mzazi alijibu swali hilo mara nyingi. Hakuwa miongoni mwa wale 81. Alikuwa karani Nairobi katika mradi wa kusomesha watu wazima, na aliviandikia vyuo vingi vya Marekani akisaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani aliyekuwa mkubwa wake kazini. Chuo Kikuu cha Hawaii kilimkubali. Akaanza masomo huko 1959, akasomea uchumi, kisha akaendelea Harvard. Wangari Muta, atakayejulikana baadaye kama Wangari Maathai, alisafiri 1960 kwa njia ya zamani zaidi: alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa shule za Kikatoliki walioteuliwa na Kanisa kwenda Kansas. Mmoja alijiandikia, mwingine aliandikiwa. Njia zote mbili zilifika, lakini ya kwanza ndiyo iliyowavutia vijana wasiokuwa na shule kubwa wala askofu nyuma yao.

Kulikuwa na hadhira nyingine ya kuridhishwa kabla ya ile ya ng'ambo. Nauli na fedha za matumizi zilichangwa kijijini na mitaani, kwenye karamu za chai na dansi. Ng'ombe na vipande vya shamba viliuzwa. Sifa zilizotajwa katika michango hiyo zilikuwa za aina yake: mtoto wa fulani, wa kwanza katika lokesheni, atarudi kuwasaidia wengine. Maneno hayohayo yaliingia kwenye barua za vyuoni. Ahadi ya kurudi kujenga nchi ikawa sentensi ya mwisho ya karibu kila barua ya maombi iliyotoka Kenya, na kwa miaka mingi ilifanya kazi, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu msomaji wa Marekani alitaka kuisikia.

Nyumbani Nairobi, mwaka 1961, watu wa Opus Dei, taasisi ya Kanisa Katoliki, walifungua vyuo viwili ambavyo vingebadilisha elimu ya biashara Nairobi. Strathmore, huko Lavington, kilianza kama chuo cha sekondari ya juu cha wavulana wa rangi zote, mkuu wake wa kwanza akiwa David Sperling. Kianda, ambacho makao yake yalikuja kuwa kando ya barabara inayoitwa sasa Waiyaki Way, kilikuwa chuo cha ukatibu cha wasichana wa rangi zote chini ya Olga Marlin. Mwaka 1966 Strathmore kikaanza kufundisha uhasibu kwa vijana waliofadhiliwa na makampuni makubwa. Kampuni ndiyo iliyomchagua kijana, na kijana alilazimika kuipendeza kampuni kwanza. Kwa wasichana wa Kianda mambo yalikuwa wazi zaidi: cheti chao kilisomwa ofisini kama dhamana ya tabia, mavazi na lugha, si kasi ya kupiga chapa peke yake. Kwa maana hiyo chuo chenyewe kilikuwa barua ya sifa.

Uhuru ulipokuja, makampuni na serikali vilitaka mameneja Waafrika, tena upesi. Kiano, sasa Waziri wa Biashara na Viwanda, alikuwa mbele katika kuisukuma sera hiyo. Jeanes School ilikuwa imekwisha kugeuzwa Kenya Institute of Administration, na Kabete ikazoea kuwaona watumishi wa serikali wakija kwa mafunzo. Mwaka 1969 ikaundwa bodi ya mitihani ya wahasibu na makatibu, KASNEB, na herufi CPA zikaanza kuambatana na majina kwenye kadi za biashara. Mwaka 1970 chuo cha karibu na Norfolk kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika muongo huo kikaanza kutoa shahada ya MBA. Masomo ya biashara ya chuo hicho yalikuja kuhamia Lower Kabete.

Katika mfumo huo wa umma, mwombaji alikuwa namba. Mtahiniwa wa kidato cha sita, na baada ya 1989 mtahiniwa wa KCSE, alijaza fomu ya kuchagua vyuo na kozi kabla hata hajaufanya mtihani. Alama zikatoka, bodi ya pamoja ya vyuo vikuu ikakokotoa pointi za masomo yanayohusika, na waliozifikia wakaitwa. Shahada ya Biashara, B.Com, ilikuwa miongoni mwa zilizogombewa sana. Mwana wa waziri na mwana wa muuza mboga walipita chekecheo moja, angalau kwenye karatasi. Ubaya wake ulijulikana pia: aliyeendesha duka la mama yake tangu darasa la sita na asiyewahi kuuza hata kiberiti walionekana sawa iwapo pointi zao zilikuwa sawa. Kazi ya kugawa nafasi ilichukuliwa baadaye na taasisi ya KUCCPS, iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, lakini kanuni ilibaki ileile.

Wachache waliotaka shule za biashara za ng'ambo walikutana na mchanganyiko wa njia zote mbili, mtihani na kujieleza. Shule ya biashara ya Harvard, iliyoanzishwa 1908, na zilizoiga mfano wake, zilitumia mtihani wa pamoja ulioanza kufanywa 1954 na kupewa jina la GMAT mwaka 1976. Alama za GMAT zilimpa Mkenya nafasi ya kulinganishwa na Mmarekani au Mhindi bila mabishano juu ya ubora wa chuo alichotoka. Lakini mtihani huo ulikuwa mlango wa kwanza tu. Baada yake zilikuja insha, barua mbili au tatu za wakubwa wa kazini, na maelezo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Kwa shule hizi uzoefu ulikuwa sehemu ya somo lenyewe, maana darasa hufundishwa kwa kujadili visa vya kampuni halisi, na mwanafunzi asiye na kisa chake mwenyewe huwa hana cha kuchangia.

Maombi hayo yalitayarishwa kwa mikono mingi katikati ya mji. Anwani na vitabu vya mwongozo vilipatikana katika maktaba za Wamarekani na za British Council. Insha iliyoandikwa kwa kalamu ilipelekwa kwa mpiga chapa, ambaye mara nyingi alikirekebisha Kiingereza chake bila kuombwa. Vyeti vilinakiliwa, nakala zikagongwa muhuri wa wakili, picha za pasipoti zikapigwa, na bahasha nzima ikapelekwa Posta Kuu, Kenyatta Avenue. Jibu lilikuja wiki kadhaa baadaye kwenye sanduku la posta la shule, la kanisa au la mjomba. Barua ya wakubwa wa kazini ndiyo iliyosumbua zaidi. Meneja wa Nairobi aliandika kwa desturi aliyorithi: kwamba anamfahamu mhusika kwa miaka minne, ni mwaminifu, mwenye bidii na huja kazini mapema. Msomaji wa maombi wa Boston, au wa Fontainebleau, Ufaransa, aliyezoea barua zinazosimulia siku fulani na uamuzi fulani, aliiona barua hiyo kuwa baridi, kumbe kwa mwandishi wake ilikuwa sifa kubwa.

Mwaka 1998 ulileta badiliko kubwa katika jiji lenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia, uliojulikana kama Module II, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Madarasa ya jioni yakafunguliwa katika majengo ya katikati ya mji. Mfanyakazi wa benki alitoka kazini saa kumi na moja, akavuka barabara mbili, akaingia darasani. Taasisi ya usimamizi ya ESAMI, ya Arusha, nayo ilitoa MBA kwa kushirikiana na shule ya usimamizi ya Maastricht, Uholanzi. Kilichotakiwa kwa kawaida kilikuwa shahada ya kwanza yenye daraja zuri, nakala za matokeo na karo. Matangazo ya kazi yakaanza kuitaja MBA kuwa sifa ya ziada, na katika miaka michache ya mwanzo wa karne hii shahada iliyokuwa ikimtofautisha mtu ikawa ni kitu anachoulizwa mbona hana. Baadhi ya waliokuwa nayo wakaanza kutafuta pa kujitenga tena na wenzao.

Strathmore kiliona pengo hilo. Chuo chenyewe kilikuwa kimehamia Madaraka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikiwa kimeungana na Kianda. Mwaka 2005 kikaanzisha Strathmore Business School, na shule hiyo ikaanzia Lavington kwa ushirikiano na IESE ya Barcelona na Lagos Business School. IESE ilikuwa imejifunza ufundishaji wa visa kutoka Harvard tangu miaka ya 1960, na kupitia kwake ufundishaji huo ukafika Nairobi. Pamoja nao likaja swali la ni nani anayekaa kwenye kiti cha darasani. Programu ya MBA ya watendaji ililenga watu waliokwisha kuongoza idara, na mwombaji alitakiwa aje na kazi ya kuisimulia. Kwa hiyo swali ambalo vyuo vya Marekani viliwauliza makarani mwaka 1959 sasa liliulizwa Nairobi, na Wakenya, kwa Wakenya.

Kisha Nairobi yenyewe ikawa hadithi. Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom, yenye makao makuu Waiyaki Way, ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Miaka mitatu baadaye iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa Ngong Road, katika jengo la Bishop Magua, na waandishi wa habari wa ng'ambo wakaanza kuja na kamera. Shule za biashara zikaandika visa juu ya M-Pesa na juu ya Equity Bank na kuvifundisha. Mwombaji wa Nairobi, aliyekuwa akitegemewa kusimulia dhiki, sasa alitegemewa kusimulia uvumbuzi. Mwanzoni hilo lilikuwa faida kubwa. Aliyefanya kazi katika kampuni ya malipo ya simu au ya taa za sola alikuwa na jambo ambalo mwombaji wa New York hakuwa nalo. Lakini hadithi nzuri haikai na mtu mmoja. Haukupita muda mrefu kabla ya M-Pesa kuwa aya ya kwanza inayotabirika, kama ahadi ya kurudi kujenga nchi ilivyokuwa aya ya mwisho.

Ufadhili uliongeza msukumo. Chevening ya Uingereza, iliyoanza 1983, hutaka majibu mafupi juu ya uongozi, mahusiano ya kikazi, masomo na mipango ya baadaye, pamoja na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Stanford ilianzisha ufadhili wa MBA kwa raia wa nchi za Afrika watakaorudi kufanya kazi barani. Kijana anayejaza fomu hizi hulazimika kuvuka kikwazo cha lugha ya nafsi. Katika ofisi na mikutano ya Kenya, mafanikio husemwa kwa wingi: tulichanga, tulijenga, tulifaulu. Msomaji wa maombi huuliza mwandishi alifanya nini yeye mwenyewe, lini, na nini kingeharibika asingekuwapo. Ndiyo maana wanaowasaidia waombaji hutumia muda mrefu kuchambua mambo ambayo mwombaji mwenyewe hakuyahesabu. Mhasibu mwenye CPA hutaja ukaguzi alioufanya katika kampuni kubwa, na husahau kwamba kwa miaka sita amekuwa mweka hazina wa chama cha majirani, amewahi kumdai kwa heshima mwanachama aliyekimbia mkopo, na chama hakikuvunjika. Ukaguzi ule uko katika nusu ya mafaili mengine. Chama kile kiko katika moja.

Mahojiano nayo yakapata mahali pake mjini. Shule nyingi huwatumia wahitimu wao waishio Nairobi kumhoji mwombaji, na wahitimu hao hupenda kukutana naye mkahawani. Katika Java House, iliyofungua mkahawa wa kwanza 1999 Adams Arcade, Ngong Road, na katika matawi yake ya Westlands na Kilimani, yamewahi kufanyika mengi ya mazungumzo hayo. Mwombaji anayefika kwa suti nzito na faili la vyeti hukuta mtu wa umri wake mwenye fulana anayetaka kujua mradi gani ulimshinda na kwa nini. Kwa aliyezoea mahojiano ya bodi, yenye meza ndefu na maofisa watano, hili ni geni, na wengine hujibu kama bado wako mbele ya bodi.

Kadiri insha ilivyopata thamani, ndivyo soko lake lilivyokua, na hapa Nairobi imekuwa na nafasi ya ajabu. Kuanzia miaka ya 2000, vijana wengi wa Kenya wenye shahada na bila kazi walijiajiri kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia kazi zao za chuo kwa malipo, kupitia tovuti za ng'ambo. Magazeti makubwa ya dunia yaliandika habari zao, na mwaka 2024 ikatoka filamu iitwayo The Shadow Scholars juu yao. Tovuti nyingi za biashara hiyo huziorodhesha insha za kuombea nafasi chuoni miongoni mwa bidhaa zake. Hivyo mkaazi wa jiji ambalo mwaka 1959 lilikuwa likijifunza kujieleza kwa Wamarekani amekuwa akilipwa kuwaeleza Wamarekani kwa Wamarekani, kwa nafsi ya kwanza, akisimulia utoto ambao hakuuishi. Ustadi huo haujamsaidia sana kwenye maombi yake mwenyewe, kwa kuwa anayeandika hadithi kumi kwa wiki huizoea mno sauti inayopita kila mahali.

Shule zilianza kujikinga mapema. Karibu na 2010 baadhi ya shule za biashara za Marekani ziliziingiza insha za waombaji kwenye programu za kutambua maandishi yaliyonakiliwa, na makumi ya watu wakakataliwa. Nyingine zikaongeza maswali ya video, ambapo swali hutokea kwenye skrini na mwombaji hupewa sekunde chache za kufikiri kabla ya kujibu. Jijini Nairobi hilo huongeza swali la pili, la kama umeme utabaki. Harvard iliwahi kumtaka aliyehojiwa aandike tafakari yake ndani ya saa 24. Programu za akili bandia, zilizoenea tangu mwisho wa 2022, zimeifanya insha safi, yenye sentensi laini na somo mwishoni, kuwa kitu cha bei ya chini kuliko wakati wowote. Toleo la GMAT lililoanza kutolewa mwishoni mwa 2023 limeiondoa kabisa sehemu ya kuandika, iliyokuwamo tangu 1994. Mwaka 2024 Harvard iliacha swali lake moja la wazi, ikaweka maswali mafupi matatu yanayodai mambo mahususi juu ya kazi, uongozi na udadisi wa mwombaji. Barua ya mtu aliyefanya kazi na mwombaji imepanda thamani tena, mradi isimulie jambo aliloliona.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Nairobi mabadiliko ni machache zaidi. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliitwa tena kitivo katika marekebisho ya mwaka 2021, fomu za maombi zimehamia mtandaoni, na foleni za kurudisha bahasha zimetoweka. Bado karatasi inayoamua ni nakala ya matokeo ya shahada ya kwanza.